Msalabani: Kanisa la Mawe katika Nchi ya Bonde

Anayetaka kuielewa Magila asianze na mawe ya kanisa. Aanze Vuga, mji wa wafalme wa Kilindi juu ya milima ya Usambara, maana huko ndiko ruhusa ilikotoka.

Mwaka 1867 padre mmoja Mwingereza, C. A. Alington, alitumwa kutoka Unguja kwenda kuomba mahali pa kujenga. Alifika wakati mbaya. Kimweri ye Nyumbai, mfalme aliyeitawala Usambara kwa miongo mingi hadi jina lake likavuma pwani nzima, alikuwa amefariki mwaka 1862. Kiti alikikalia mjukuu wake Shekulwavu, na baba yake mdogo Semboja, mtu wa Mazinde aliyeshika njia ya biashara na watu wa pwani, alikuwa anakimezea mate. Katika hali hiyo mgeni mweupe mwenye vitabu alikuwa na faida yake, lakini alikuwa na hatari yake pia. Wakubwa wa Vuga wakaamua kama waamuavyo watu wazima: mgeni asikatazwe, ila asikae karibu. Alington akapewa Magila, chini kabisa katika vilima vya Bonde, ambako mlima Mlinga unaonekana na upepo wa bahari bado unafika. Misheni ikahesabu mwaka 1868 kuwa mwanzo wake.

Muda si muda, waliotoa ruhusa wakapoteza nchi yenyewe. Vita vya urithi viliipasua Usambara, na Wabondei, waliokuwa wamechoshwa na watoto wa mfalme waliowekwa kuwatawala, waliinuka wakawafukuza Wakilindi katika uasi unaokumbukwa kwa jina la Kiva. Misheni iliyopewa nafasi na mfalme ikajikuta katika nchi isiyo na mfalme, ambamo kila kijiji kina mzee wake na kila mzee ana neno lake. Kuanzia hapo hakuna padre aliyeweza kukaa Magila kwa barua ya mtu mmoja. Ilibidi akubaliwe kijiji kwa kijiji, mzee kwa mzee, ukoo kwa ukoo.

Jambo hilo ndilo ufunguo wa sura hii. Vitabu vingi vya misheni vinaisimulia Magila kama kazi ya Waingereza waliovuka bahari. Walivuka kweli, na wengi wao wamezikwa huku. Lakini parishi ya shamba haikai miaka 150 kwa nguvu za wageni. Magila imedumu kwa sababu Wabondei waliifanya yao, na urithi wake utabaki au utapotea mikononi mwao hao hao.

Kutoka Cambridge hadi Bonde

Chama kilichomtuma Alington kiliitwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, na watu wakakizoea kwa herufi zake, UMCA. Kilizaliwa kutokana na hotuba ya David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge, tarehe 4 Desemba 1857, alipowataka vijana wasomi waje Afrika kupambana na biashara ya watumwa. Safari ya kwanza iliishia msibani. Askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie, aliongoza kundi hadi Magomero, katika nchi ambayo leo ni Malawi, akafa kwa homa Januari 1862. Mrithi wake, William Tozer, akaona bara limewashinda kwa wakati ule. Mwaka 1864 akahamia Unguja pamoja na Edward Steere.

Unguja ya wakati huo ilikuwa na soko la watumwa lililo wazi kabisa. Wanafunzi wa kwanza wa misheni walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa na kukabidhiwa kwa Tozer na Sultani Majid. Mmoja wao ni John Swedi, ambaye mwaka 1879 alikuwa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa ushemasi. Kwa hiyo kabla Magila haijawa parishi ya Wabondei, ilihudumiwa pia na watu walionyang'anywa kwao, wasioweza kusema kwa uhakika kaburi la babu liko wapi. Kijana wa Kibondei aliyekuja kusikiliza mafundisho alimkuta mwalimu Mwafrika mwenzake, aliyesema Kiswahili cha Unguja na asiye na ukoo hata mmoja katika nchi ile.

Steere, aliyekuwa askofu kuanzia mwaka 1874 hadi kifo chake mwaka 1882, aliamini kwamba watu hawataongoka kwa lugha ya kigeni. Yeye ndiye aliyesimamia ujenzi wa Kanisa Kuu la Mkunazini mahali pale pale palipokuwa na soko la watumwa, na yeye ndiye aliyeongoza kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko na sala kwa Kiswahili cha Unguja. Biblia nzima ilitoka mwaka 1891, miaka tisa baada ya kufa kwake. Lugha hiyo ndiyo iliyosikika madhabahuni Magila, huku majumbani watu wakiendelea na Kibondei.

Hapa msomaji wa bara anahitaji kuelezwa jambo moja. Uanglikana wa Tanzania uliingia kwa milango miwili. Katika Usagara, njia ya misafara iendayo Unyamwezi na Buganda, walifika watu wa CMS mwishoni mwa miaka ya 1870, wakajenga vituo vyao Mpwapwa na Mamboya. Hao walikuwa Waanglikana wa mahubiri na Biblia, wasiopenda mapambo mengi. Magila ilikuwa ya UMCA, Waanglikana wa Misa, ubani, mavazi ya rangi, maungamo na siku za watakatifu. Mkristo wa Mpwapwa akisali Magila leo bado ataona tofauti, ingawa wote wawili wamo katika Kanisa moja la Tanzania lililojitegemea kama jimbo mwaka 1970.

Farler, Woodward na kazi ya mawe

Miaka ya mwanzo kituo kilikuwa kikifa na kufufuka. Wamisionari waliugua, wengine wakafa, wengine wakarudi kwao. Mtu aliyeisimamisha Magila kwa miguu yake ni J. P. Farler, aliyefika mwaka 1875. Alikuwa mtu wa vurugu kidogo, mwenye kupenda siasa za nchi. Alipatanisha wagomvi, alishauri wazee, alichora ramani ya Usambara ambayo wanajiografia wa London waliithamini. Alirudi kwao kwa ajili ya afya mwaka 1889. Baadaye tunamkuta Pemba akiwa ofisa wa serikali aliyesimamia kuachwa huru kwa watumwa.

Pamoja naye alikuwepo Herbert Woodward, mtu wa tabia nyingine kabisa, mtulivu na mvumilivu. Mwaka 1882 ulichapishwa mkusanyo wake wa maneno na sarufi ya Kibondei, miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa kuhusu lugha hiyo. Baadaye akaja Godfrey Dale, aliyeandika kwa kirefu juu ya mila za Wabondei katika miaka ya 1890. Ni Dale huyo huyo aliyetoa mwaka 1923 tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili. Aliifanya kwa nia ya kubishana na Uislamu, na Waislamu hawakuipokea kwa furaha. Hata hivyo inaonyesha jinsi misheni ilivyojua kwamba inaishi katika nchi ambayo Uislamu ulifika kabla yake.

Katika miaka ya 1880 kanisa la mawe likainuka na kuwekwa chini ya jina la Msalaba Mtakatifu, ambao sikukuu yake ni tarehe 14 Septemba. Ndiyo maana mahali pale pakaitwa Msalabani, na wengi leo hutaja majina yote mawili pamoja: Magila Msalabani. Tukumbuke Bonde la wakati ule lilijenga kwa miti, udongo na makuti. Nyumba ya mtu ilijengwa, ikazeeka, ikaachwa, ikajengwa nyingine. Nyumba ya mawe ilikuwa ya pwani, ya waungwana na wafanyabiashara wa Pangani na Tanga. Kuinua mawe katikati ya mashamba ilikuwa kauli kubwa: hawa hawaondoki. Na kila jiwe lilihitaji bega la mtu. Wakati huo hapakuwa na reli wala barabara ya gari, na mizigo yote iliyotoka pwani ilipanda Bonde juu ya vichwa vya wapagazi. Majina yao hayakuandikwa popote.

Kauli hiyo haikupokelewa bila ugomvi. Wabondei walikuwa na galo, unyago wao wa kuwafunda vijana. Wamisionari waliupinga, wakawakataza Wakristo kuwapeleka watoto. Kwa mzazi wa Kibondei hilo halikuwa jambo dogo: kijana asiyefundwa alikuwa bado mtoto hata akiota ndevu. Wengine walitii. Wengine walimpeleka mtoto galoni kimyakimya kisha wakakubali adhabu ya kanisa. Wengine walilipa kisogo kanisa, wakaenda msikitini ambako walau jando liliheshimiwa. Historia ya parishi isiyoutaja ugomvi huo ni nusu ya historia.

Walimu, mapadre na gazeti

Nguvu halisi ya Magila ilikuwa walimu. Padre mmoja alizungukia vijiji vingi, lakini mwalimu alikaa. Alifundisha kusoma asubuhi, akaongoza sala jioni, akaandika barua za wasiojua kuandika, akatembelea wagonjwa, akasuluhisha ndoa. Mshahara wake ulikuwa mdogo kiasi kwamba ilibidi alime kama wengine. Wengi walitoka shule ya Kiungani, Unguja, ambako vijana wa Kibondei walikaa bweni moja na watoto wa watumwa waliokombolewa, Wayao na Wamakua kutoka kusini. Urafiki wa Kiungani uliunganisha Bonde na Masasi kabla hakujawa na nchi iitwayo Tanganyika.

Kutoka kwa walimu hao wakatoka mapadre. Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, alipewa upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika dayosisi hiyo, akafanya kazi yake kubwa kusini. Katika miaka ile ile ya 1890 akafuata Petro Limo, mtoto wa Bonde. Kisha Samwil Sehoza, ambaye tutarudi kwake.

Kitu kingine kilichotoka Magila ni gazeti. Katika miaka ya 1890 misheni ilikuwa ikichapa hapo *Habari za Mwezi*, mojawapo ya magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili. Liliandika habari za vituo, safari, mvua, nzige, vifo na ndoa. Msomaji wake alikuwa mwalimu katika kijiji cha mbali aliyetaka kujua rafiki yake wa Kiungani yu wapi. Tunapohesabu chimbuko la uandishi wa habari kwa Kiswahili, vilima vya Bonde, katika wilaya ya Muheza ya leo, vina haki ya kutajwa pamoja na miji ya Unguja, Tanga na Mombasa.

Matunda ya elimu hiyo yalivuka mipaka ya kanisa. Mfano unaojulikana zaidi ni Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891 katika familia ya Bonde na kusoma Kiungani. Mwaka 1922 mjini Tanga alianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kilichowaweka Waislamu na Wakristo meza moja. Hicho ni kati ya vyama vya kwanza vya kisasa vya Waafrika katika Tanganyika. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge iliyojadili mustakabali wa Afrika Mashariki. Wanaosimulia safari ya siasa za nchi hii kuanzia TANU mwaka 1954 wanaruka hatua zilizopigwa Tanga miaka zaidi ya 30 kabla.

Bushiri, Wajerumani na minyororo

Mwaka 1888 Kampuni ya Wajerumani ilipojaribu kuitwaa pwani, Pangani na Tanga zikalipuka. Askofu Charles Smythies, akijua watu wake wako Magila, aliamua kwenda. Aliteremka Pangani penyewe, katikati ya hasira. Umati ulitaka kumuua, ukimdhania mmoja wa Wajerumani. Aliyemwokoa ni Bushiri bin Salim, kiongozi wa uasi mwenyewe, aliyemkinga na kumwezesha kuendelea na safari. Bushiri alinyongwa na Wajerumani Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Katika vitabu vya wakoloni aliandikwa kama jambazi, lakini Askofu Smythies alikuwa na sababu ya kumkumbuka vingine.

Mkataba wa mwaka 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani ulithibitisha kwamba Magila iko upande wa Wajerumani. Misheni ya Kiingereza ikawa chini ya bendera isiyo yake. Reli kutoka Tanga ikafika Muheza mwaka 1896, mashamba ya mkonge yakaenea, na mtu wa Bonde akajifunza maneno mapya: kodi, kipande, manamba. Pembeni mwa kanisa la kijiji pakawa na dunia ya filimbi na msimamizi.

Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, kuwa Mwanglikana katika koloni la Ujerumani ikawa hatia. Wamisionari Waingereza walikamatwa na kuwekwa kizuizini bara. Walimu na mapadre Waafrika walishukiwa kuwa wapelelezi, wakafungwa, wakapigwa, wakapelekwa Tabora. Samwil Sehoza alikuwa miongoni mwa waliofungwa, na alipotoka akaandika. Kitabu chake, *Mwaka katika Minyororo*, kilichapishwa London mwaka 1921 kwa Kiswahili. Kayamba naye alipitia Tabora, na aliyasimulia mateso hayo katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe, yaliyochapishwa mwaka 1936.

Kanisa lilibaki bila wachungaji wake wa Kizungu hadi majeshi ya Uingereza yalipoingia Tanga na Muheza mwaka 1916. Watu hawakutawanyika. Akina mama na wazee waliendelea kusali, watoto waliendelea kufundishwa pale ilipowezekana. Ukitafuta tarehe ambayo Magila ilikoma kuwa kituo cha misheni ikawa parishi ya wenyeji, hakuna iliyoandikwa katika barua yoyote ya askofu. Lakini miaka hiyo miwili ndiyo iliyothibitisha.

Kaburi la Askofu Frank

Mgeni anayefika Msalabani huonyeshwa kaburi la Frank Weston, Askofu wa Zanzibar kuanzia mwaka 1908. Alikuwa mtu wa ubishi. Mwaka 1913, maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda waliposhirikiana na Waprotestanti wengine katika mkutano wa Kikuyu, aliwashtaki kwa uzushi hadi Kanisa zima la Uingereza likatikisika. Wakati wa vita aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi wa Unguja, akitembea nao bara kwa miguu. Aliandika dhidi ya ukatili wa Wajerumani kwa Waafrika. Kisha vita vilipokwisha na serikali ya nchi yake ikaruhusu kazi ya kulazimishwa Kenya, aliandika dhidi yake pia, mwaka 1920. Wapo walioona ni sawa kumlaumu adui, lakini si kujilaumu wenyewe.

Mwaka 1923, mbele ya maelfu waliokusanyika London, aliwaambia Waanglikana wenzake wapenda ubani kwamba kumwabudu Kristo katika sakramenti ni bure ikiwa hawamwoni katika maskini wa mitaa yao. Mwaka uliofuata alikufa Hegongo, jirani na Magila, tarehe 2 Novemba 1924, siku ambayo Kanisa huwaombea marehemu wote. Wakamzika Msalabani.

Aliacha pia watawa. Shirika la Mateso Matakatifu, alilolianzisha mwaka 1911, lilileta masista waliofundisha wasichana na kuuguza wagonjwa. Hospitali ya Muheza, ambayo wilaya nzima huiita Teule, ina mizizi yake katika tiba iliyoanzia Magila. Mwaka 1946 likazaliwa shirika la masista Waafrika, Chama cha Mariamu Mtakatifu, na kazi ikapita mikononi mwa mabinti wa nchi. Shule ndizo zilizobadilika ghafla zaidi. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ilizichukua shule za madhehebu, na parishi zilizozoea kuishi kwa shule zikalazimika kujiuliza upya kazi yao ni nini.

Jumapili ya mavuno

Kazi hiyo inaonekana vizuri zaidi katika ibada ya mavuno, kama inavyofanyika katika parishi za Bonde. Muheza ni nchi ya machungwa. Siku hiyo watu hawaji na bahasha tu. Huja na vikapu vya machungwa, mihogo, ndizi, nazi, mahindi, kuku aliyefungwa miguu, mara nyingine mbuzi anayelia katikati ya mahubiri. Vyote vinapelekwa mbele, vinabarikiwa, na ubani unafukizwa juu yake. Baada ya Misa unaanza mnada nje, chini ya mti. Mzee wa kanisa mwenye sauti kubwa anainua mkungu wa ndizi, anataja bei, anawatania matajiri waliotoka Tanga na Dar es Salaam. Mtu hununua kuku kwa bei mara tatu ya sokoni, kisha anamrudisha mezani auzwe tena. Kwa njia hiyo mabati yanalipiwa na padre anakula.

Katika umati huo utaona kofia na kanzu za Waislamu. Bonde ni nchi ya familia zilizochanganyika. Yohana na Athumani wanaweza kuwa watoto wa baba mmoja, na Magreti akawa shangazi yake Mwanaidi. Kwenye msiba wa Mkristo, jamaa Waislamu huchimba kaburi na kukaa nje ya kanisa wakati wa sala. Kwenye maulidi, jamaa Wakristo husaidia kupika pilau. Ubani uleule unaofukizwa madhabahuni ndio unaofukizwa kwenye maulidi. Miaka ya ubishi wa Dale na masheikh imepita, na undugu umebaki kwa sababu ulikuwepo kabla ya ubishi.

Nani atunze?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaweka mstari. Jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linalindwa moja kwa moja kama kumbukumbu ya taifa. La baadaye halina ulinzi huo mpaka waziri alitangaze. Kanisa la mawe la Magila liliinuka katika miaka ya 1880. Limekosa ulinzi wa sheria kwa miaka isiyofikia 30, na hali ni hiyo hiyo kwa karibu kila kanisa la kale la bara. Tafsiri yake ni kwamba hakuna afisa atakayekuja kuzuia ukuta usivunjwe. Mlinzi ni halmashauri ya parishi na wazee wa kanisa.

Wengi wa wazee hao wanalipenda kanisa lao, na upendo huo huo wakati mwingine ndio unaoliharibu. Hatari kubwa ni saruji. Majengo ya mawe ya karne ya 19 ya ukanda huu yalijengwa kwa chokaa, ile iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe, kuyazimua kwa maji na kuyaacha yakomae. Ukuta wa chokaa unapumua: maji ya mvua yanayoingia hutoka tena jua likiwaka. Fundi akija na nia njema akaupiga lipu ya saruji, maji yanaingia kwa nyufa ndogo na kukosa pa kutokea. Chumvi inajikusanya ndani, jiwe linachubuka, rangi inavimba na kudondoka, na baada ya miaka kadhaa lipu inabanduka pamoja na kipande cha ukuta. Watu husema kanisa limezeeka. Kumbe limezibwa pumzi. Mafundi wa chokaa bado wapo Pangani, Bagamoyo na Unguja, na kumwita mmoja wao ni gharama ndogo kuliko kujenga upya.

Lakini jengo halijawa hatarini kama vitabu. Kila parishi ya zamani ina madaftari yake: ubatizo, kipaimara, ndoa, mazishi. Fungua ukurasa wowote wa daftari la ubatizo la zamani. Utakuta tarehe, jina la mtoto, majina ya wazazi, kijiji, majina ya wadhamini, sahihi ya padre. Kwa kijiji ambacho serikali haikukihesabu vizuri mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hiyo ndiyo kumbukumbu ya pekee ya kuzaliwa. Humo mjukuu anaweza kumpata bibi yake. Mwanahistoria anaweza kuona mwaka wa njaa kwa wingi wa mazishi ya watoto. Mwenye kesi ya shamba anaweza kuthibitisha ukoo. Na mara nyingi daftari hilo limo kabatini kwenye ofisi ya padre, linaliwa na mchwa na mende, kurasa zimeshikana kwa unyevu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuna daftari, na hata hivyo tunaiacha mali ipotee. Sehemu kubwa ya karatasi za UMCA iko Oxford na nyingine katika Nyaraka za Zanzibar. Huko zimepangwa na zinasomeka. Lakini ni barua za maaskofu na taarifa za wamisionari, na ndiyo sababu historia inayoandikwa kutokana nazo huwa ya Wazungu. Historia ya Wabondei wenyewe, ya walimu waliolima na kufundisha, ya akina mama walioshika sala wakati wa vita, imo katika madaftari ya parishi na vichwani mwa wazee. Vyote viwili vinapungua kila mwaka.

Dawa yake haihitaji mfadhili. Simu ya mkononi yenye kamera inatosha kupiga picha kurasa zote za daftari moja kwa siku mbili. Kijana wa kwaya anaweza kukaa na mzee mmoja kila Jumapili na kurekodi. Halmashauri inaweza kuamua kwamba hakuna lipu itakayopigwa wala jiwe litakalotolewa kabla mtu anayejua chokaa hajaangalia. Dayosisi ya Tanga, iliyotengana na Zanzibar mwaka 2001, ina haki ya kuyakusanya madaftari ya parishi zake za zamani mahali pakavu penye kufuli na orodha.

Wewe unayesoma sura hii, kama ubatizo wa babu yako uliandikwa Magila, Misozwe, Mkuzi, Umba au Korogwe, nenda ukaulize kitabu cha kwanza cha parishi kiko wapi. Ukikiona, omba kipigwe picha mbele ya macho yako. Ukiambiwa hakijulikani kilipo, usinyamaze: liandikie barua baraza la parishi, na nakala moja mpelekee askofu.